Modem Iliyotazama Ruiru

Kitu cha kwanza nilichofanya, na nakisema mwenyewe kabla dada yangu hajakisema, ni kuanika modem juani.

Nieleze. Kwetu betri za redio zikiisha nguvu hazitupwi. Zinapangwa juu ya mabati ya nyumba ya kuku, jua linazichoma tangu asubuhi hadi saa tisa, na jioni baba anapata taarifa yake ya habari, hata kama msomaji anasikika kama mtu aliyefungiwa ndani ya gunia. Nimeona betri zikifufuka hivyo tangu nizaliwe. Sasa modem nayo ilikuwa na taa, ilikuwa na waya, ilikula umeme, na ilikuwa imekataa kazi. Niliona wazi kwamba imechoka. Nikaichomoa, nikaipandisha juu ya mabati, nikailaza katikati ya betri nne, na kila baada ya nusu saa nikawa naigeuza ili iive pande zote.

Nilipoenda kuichukua saa nane ilikuwa moto kama chapati. Kona moja ya plastiki ilikuwa imelegea na kuinama, kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Kuku mmoja alikuwa amesimama juu yake. Nikamfukuza, nikaifuta, nikairudisha sebuleni, nikaifunika kitambaa chake cha kufumwa, kisha nikaketi nikafungua kitabu cha jiografia. Hicho kitabu ndicho kilichoniuza. Ilikuwa likizo ya Desemba, na mtu yeyote wa nyumba yetu akiniona na kitabu wakati wa likizo anajua kuna kitu kimevunjika mahali.

Siku nyingine ningechapwa na mambo yakaisha. Lakini ilikuwa wiki ya dada yangu.

Dada yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka miwili kabla, na tangu siku hiyo alikuwa akiandikia vyuo vya uuguzi vya ng'ambo, kimoja baada ya kingine, kwa mwandiko mzuri ambao hakuwahi kuutumia shuleni. Nilizoea kumwona akirudi kutoka posta mikono mitupu na kunipita mlangoni kama mimi ndiye niliyezila hizo barua. Jumanne hiyo alirudi akikimbia. Chuo kimoja cha Uskoti kilikuwa kimemkubali. Shida ni kwamba barua ilikuwa imezurura wiki sita kabla ya kufika Thika, na ndani yake walisema ajibu kwa barua pepe kabla ya Ijumaa ya wiki hiyo hiyo, saa kumi na moja jioni, la sivyo nafasi yake itapewa mtu mwingine anayengoja.

Mama, ambaye humwita dada "mami" tangu akiwa mtoto na hunitaja mimi kama "huyu", aliomba asomewe barua mara mbili. Akaimba kidogo. Halafu akatoa beseni, akaanza kufua. Hivyo ndivyo mama anavyofurahi. Msichana wa kwake anaenda Ulaya, watu watakuja kumwombea, watakuja kunywa chai, watalala, na hakuna mgeni atakayejifunika blanketi lenye harufu ya sisi. Mimi nikapewa kazi ya kuteka maji, na ya kushika kiti wakati yeye amepanda juu yake kuanika. Dada akaenda kwenye kompyuta.

Kompyuta yenyewe tulikuwa nayo tangu mwezi wa nne. Baba ni karani katika shamba moja la kahawa huko Ruiru, na meneja wake aliponunua mpya, baba aliomba ile kuukuu. Ilifika nyumbani kwa pikapu ikiwa imefungwa shuka, na majirani wakatoka kuangalia wakidhani tumeleta mgonjwa. Kijana mmoja wa ofisini kwao alikuja Jumapili moja akatuunganishia intaneti: waya kutoka kwa soketi ya simu hadi kwa modem, waya mwingine kutoka kwa modem hadi kwa kompyuta. Akanywa chai flaski nzima, na baada ya wiki mbili akahamia Kanada. Kwa hivyo mtu pekee aliyejua hiyo kitu inavyofanya kazi alikuwa Kanada.

Ilikuwa inafanya kazi hivi. Unabonyeza, modem inapiga simu Nairobi yenyewe, halafu inaanza kuimba. Ule wimbo ni kama mbuzi akigombana na posho mill, ile mashine ya kusaga unga. Mbuzi akishindwa, kimya, uko ndani. Baba alikuwa ameifunga simu yetu kwa kufuli dogo, pale kwa tundu za kuzungushia namba, ili tusimwongezee bili, na hakuwahi kujua kwamba modem haihitaji hizo tundu. Hatukuona haja ya kumsumbua na maelezo.

Jumanne hiyo dada alipobonyeza, mbuzi aliimba vizuri hadi katikati, akakohoa, akanyamaza. Kwenye skrini kikatokea kisanduku kikisema kwa Kiingereza cha heshima kwamba mawasiliano yamekatika. Akajaribu mara ishirini. Baba aliporudi kazini akainua simu, akasikiliza. Mlio ulikuwepo. Nyuma yake kulikuwa na sauti kama ya kitunguu kikikaangwa, lakini simu yetu imekuwa ikikaanga kitu tangu tuwekewe. Baba akatoa uamuzi: simu ni nzima, kompyuta ni nzima, mgonjwa ni modem. Nilikubaliana naye kabisa. Ndiyo sababu kesho yake nikaianika.

Dada alipoiona ile kona imeinama hakupiga kelele. Aliniuliza taratibu kama nilizaliwa hivi ama nilianguka. Mama, akiwa nje mikono imezama kwenye povu hadi viwiko, alisema kwamba mami akikosa Uskoti kwa sababu ya huyu, huyu atatembea kwa miguu hadi Uskoti akawaeleze mwenyewe. Na jambo la ajabu ni kwamba modem iliwaka, ikaimba, ikakohoa pale pale ilipokuwa ikikohoa jana. Kwa upande wa sayansi sikuwa nimeharibu chochote. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyekuwa upande wa sayansi.

Jioni hiyo baba alianza matibabu yake. Kwanza aliipiga kompyuta makofi mawili, kulia na kushoto, yale ambayo yametuponyea televisheni miaka mingi. Halafu akazima friji, taa ya jikoni, redio, na pasi iliyokuwa haijawashwa, ili umeme wote wa nyumba uende kwa modem. Tukakaa gizani tukisikiliza mbuzi akikohoa. Mwishowe akaleta ufunguo na kufungua lile kufuli la simu, pole pole, kama padri anayefungua tabanakulo, kisha akarudi nyuma hatua moja. Mbuzi akakohoa.

Dada alisema ataenda Nairobi. Rafiki yake mmoja alikuwa amemwambia kuna ofisi huko unaingia tu na kutuma imeli. Angeondoka Alhamisi asubuhi. Baba hakufurahi, kwa sababu mtu mwenye kompyuta sebuleni haendi kuomba kompyuta ya watu, lakini hakumkataza. Akasema tu ajaribu kwanza asubuhi, na yeye mwenyewe akaomba ruhusa kazini ili awepo.

Sasa hapa ndipo nilipofanya jambo la pili, na hili halikuwa ujinga, lilikuwa ni mdomo. Alhamisi asubuhi, mbuzi akiwa ameshakohoa kama mara kumi, nilisema, "Labda haitazami Nairobi."

Baba akageuka. "Kutazama namna gani?"

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia ni kama eriali ya televisheni tu. Ukigeuzia eriali upande mbaya unapata nini? Mchele mtupu kwenye skrini. Sasa simu inapigwa Nairobi na sisi tumeielekeza hiyo maskini Garissa.

Nilikuwa nangoja anifukuze. Lakini baba amepanda juu ya paa letu na ile eriali ya televisheni mara nyingi kuliko fundi yeyote wa mabati, na hicho ndicho kitu pekee cha umeme anachokielewa kwa moyo wake wote. Alitoka nje. Akasimama langoni, akatazama mabati ya mtaa wa Kiandutu kule chini, akatafuta jua liko wapi, akanyoosha mkono. Tukabishana kidogo kuhusu Nairobi iko wapi hasa. Mwishowe akaamua tusilenge Nairobi, ni mbali, na jiji ni kubwa, huwezi kujua utagonga wapi.

"Tuelekeze Ruiru," akasema. "Ruiru ninajulikana."

Basi baba akapanda juu ya meza ya sebuleni, amevaa soksi, akainua modem juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, nyaya zikimwanguka mabegani, uso kuelekea Witeithie na, mbele zaidi, Ruiru. Dada akabonyeza. Mbuzi akakohoa. Baba akasogea inchi moja. Dada akabonyeza. Safari ya dada ikawa inasogezwa mbele, jaribio moja baada ya lingine, na mimi nikawa nimejiuma ulimi nikizuia kicheko.

Saa tisa, jua likiwa kali kweli kweli, modem iliimba wimbo wote. Mbuzi akashindwa. Kimya kikaingia. Kwenye skrini mstari wa buluu ukaanza kutambaa, barua ya dada inaondoka, ukafika nusu, ukasimama, mawasiliano yakakatika.

Hakuna aliyesikitika. Dada alimkumbatia baba miguu. Mama aliingia mbio na povu lake. Nusu! Baba hakutaka modem ishushwe hadi jioni. Tulimpokea kwa zamu kama walinzi. Na dada akatoa nguo zake kwenye mkoba, Nairobi haendi tena. Kesho saa tisa hiyo hiyo, baba alisema, tunaelekeza tena, lakini juu zaidi. Akaweka kiti juu ya meza ili kiwe tayari.

Usiku wa hiyo siku sikuona cha kuchekesha tena. Nilimwambia dada, tukiosha vyombo, kwamba lile jambo la Ruiru nililitoa kichwani tu. Akanitazama kama mtu anayetaka kumvunjia mwenzake sahani.

"Imefika nusu," akasema. "Usiniletee."

Ijumaa asubuhi modem haikuimba hata ubeti mmoja. Baba juu ya kiti, kiti juu ya meza, kichwa kikigusa dari, na hakuna. Saa tano aliinua simu: hakuna mlio, ni kitunguu peke yake. Kwa Nairobi muda ulikuwa umetupita, kwa sababu ile ofisi, rafiki wa dada alisema, Ijumaa hufungwa saa sita. Kule kazini kwa baba nako meneja alikuwa ameenda likizo Mombasa na funguo za ofisi yake. Baba alivaa viatu, akaenda Ruiru kumtafuta fundi wa simu anayeshughulikia laini za shamba lao.

Dada alitoka akaketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, ile barua kwenye magoti. Mama alikuwa anamalizia mapazia. Mimi nikasimama tu.

"Ulikuwa unacheza, si ndiyo?" dada akaniuliza. "Hiyo ya Ruiru."

"Ndiyo."

"Sawa."

Dada yangu ameniita majina ya wanyama wote wa mbuga za Kenya na wengine ambao hawapo. Hajawahi kuniambia sawa. Nilienda nikateka maji ambayo hakuna aliyeniambia niteke.

Baba alirudi karibu saa kumi, kwa pikapu ya shamba, pamoja na ngazi ndefu na mwanamume mfupi aliyebeba mfuko wa turubai. Fundi alitusalimia mmoja mmoja, akakataa chai, jambo ambalo mama hakulipenda, akaingia sebuleni. Akaona kiti juu ya meza.

"Hii ni ya nini, mzee?"

"Ya Ruiru," baba akasema.

Fundi alifikiria hilo jibu. Halafu akanitazama mimi. Sijui kwa nini watu wote huishia kunitazama mimi. Akainua simu, akasikiliza, akairudisha, na badala ya kugusa modem akatoka nje, mikono nyuma, macho juu, akifuata waya. Na sisi tukamfuata kwa mstari kama wakati wa sadaka: baba, dada, mama, mimi. Waya unatoka kwenye nguzo iliyo langoni, unapita juu ya mparachichi, unashuka hadi kona ya jikoni. Fundi alitembea hadi hapo kwenye kona. Hapo hakuweza kuona kitu, kwa sababu palikuwa na ukuta wa mablanketi.

Akainua pindo la moja kwa vidole viwili. Likamdondoshea maji kwenye kiatu.

"Mama," akasema, "hii si kamba. Hii ni simu."

"Kamba ilijaa," mama akasema.

Hakusema kwa kujitetea. Alimpa habari tu. Kamba ilijaa tangu Jumanne, na huo waya mwingine ulikuwa hapo hapo karibu, umenyooka vizuri, hauna kutu, na siku zote soksi zilikuwa zikikaukia hapo bila Nairobi kulalamika. Lakini soksi si blanketi. Mablanketi matatu yaliyolowa yalikuwa yameuvuta ule waya hadi mahali ulipounganishwa pakaachana, na maji yakawa yanaingia humo tone kwa tone. Asubuhi, nguo zikiwa mbichi, hakuna kitu. Saa tisa zikianza kukauka zinakuwa nyepesi, waya unainuka, unapata pumzi. Fundi alieleza hayo polepole na kwa adabu. Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akatazama dirisha la sebuleni, ambapo miguu ya kile kiti ilikuwa inaonekana juu ya meza, na akaenda kuangalia kuku.

Mimi nilicheka. Nilijaribu kukitoa kama kikohozi, kikatoka kama kilivyo. Siku tatu nimeitwa muuaji wa modem.

Mama akageuka. "Unacheka nini wewe? Si wewe ulinishikia kiti? Ulikuwa unafikiri tunaanika wapi?"

Na ni kweli. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, na asubuhi ile ile, mimi ndiye niliyeshika kiti. Nilikuwa nimeinua macho kila mara. Nilikuwa nimeuona huo waya ukishuka kila siku, na nilichofikiria ni kwamba mama anarefuka.

Tuliteremsha mablanketi, dada akiyavuta kama mtu anayebomoa nyumba. Fundi akapanda ngazi, akakata, akamenya, akasokota, akafunga tepu. Alipomaliza ilikuwa saa kumi na moja unusu, na dada akasema basi, imeisha, walisema kumi na moja. Hapo baba akarudi kutoka kwa kuku. Alimwambia kwamba anasikiliza redio ya ng'ambo kila siku ya Mungu na anajua: saa kumi na moja yetu, kwao watu ndio wanarudi kutoka chakula cha mchana. Dada alikimbia hadi akapoteza ndara moja mlangoni.

Fundi aliinua simu. Mlio ulikuwa safi, hakuna kitunguu. Modem ikawekwa chini sakafuni, na kona yake imeinama, haitazami Ruiru wala popote. Kabla ya kubonyeza, mama alitaka kujua humo ndani kumeandikwa nini. Dada akamtafsiria. Barua yenu nimeipata. Nafasi nimeikubali. Nitafika siku mliyosema. Mama akamwomba arudie hiyo ya mwisho, na dada akairudia.

Mbuzi aliimba wimbo mzima. Mstari wa buluu ukatambaa, ukapita nusu, hakuna aliyepumua, ukafika mwisho. Kisanduku kikatokea kusema barua imetumwa. Dada akaweka paji la uso kwenye kibodi, na herufi zikajaa kwenye skrini, mistari na mistari ya herufi moja, na hakuna aliyemwambia aondoe kichwa. Baba alimpa fundi mkono, akausahau huko muda mrefu. Chai sasa ikakubaliwa. Nilitarajia mama aende kuitengeneza, au aimbe, au angalau anikumbushe mimi ni nani. Lakini alibaki amesimama nyuma ya kiti cha dada, akipangusa mikono kwenye kanga, mikono ambayo ilikuwa imekauka kitambo.

"Imeenda kabisa?" akauliza.

"Imeenda, mum."

"Imefika huko?"

"Imeshafika."

Mama aliitazama ile skrini.

"Basi irudishe, mami," akasema. "Hatujawasalimia."